Kompyuta na Mashine ya Gemu: Historia ya Majina Mawili

Mtafsiri anayekutana na chombo kipya huwa na maswali mawili: chombo hiki chafanya kazi gani, na je, jamaa yake ana jina katika lugha yetu? Maswali hayo si mageni Kusini mwa Tanzania. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Kati ya mitambo ya mpango huo yalikuwamo matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita vya aina ya Sherman, yaliyoundwa upya na kampuni ya Vickers na kuitwa Shervick. Mpango uliachwa mwaka 1951, lakini somo lake kwa wanaistilahi limebaki. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kazi, na jina likafuata kazi.

Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Katika miji yetu, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, chombo kinachounganishwa na televisheni ili vijana wacheze mpira wa kwenye kioo huitwa «gemu» tu, au hupewa jina la biashara la PlayStation, kama vile pikipiki ya magurudumu matatu ilivyopewa jina la kampuni ikawa bajaji. Je, chombo hicho ni kompyuta?

Hapana budi tuanze na jina kompyuta lenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu za Serikali. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na vituo vya televisheni vya Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo neno kompyuta lilizoeleka kwetu kama jina la mtambo wa ofisi, ilhali mashine ya gemu, ambayo haina kioo chake, ilibidi ingoje televisheni zienee. Vyombo viwili vya ukoo mmoja viliingia kwa milango miwili, na ndiyo sababu masikio yetu huvisikia kama vitu vya mbali.

Kwa upande wa viungo, ukoo huo ni dhahiri. Vyote viwili vina kichakato, kumbukumbu, na mahali pa kuhifadhia programu. Mwaka 1977 mashine ya Atari ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kompyuta ya Apple II ya mwaka huo huo ilianzia baiti 4,096. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza mashine ya gemu kwa jina la Famicom, yaani kompyuta ya familia; mtengenezaji mwenyewe hakuona aibu kuliazima jina hilo. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilikuwa na megabaiti 32. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilipewa gigabaiti 8, na kichakato chake ni cha ukoo ule ule unaotumika katika kompyuta nyingi za mezani. Anayetofautisha vyombo hivi kwa viungo peke yake hana tena pa kusimama.

Tukipima kwa kuvinjari mtandao, mambo yanageuka. Dreamcast ya kampuni ya Sega, mwaka 1998, ilikuja na modemu na programu ya kuvinjari. PlayStation 3 ya mwaka 2006 nayo ilikuwa na kivinjari, ingawa asiye na kibodi alilazimika kuandika anwani herufi moja baada ya nyingine kwa vidole gumba. Zaidi ya hayo, mwenye mashine hiyo aliweza kuitia mfumo wa Linux, mpaka mtengenezaji alipoifunga njia hiyo mwaka 2010. PlayStation 5 ya mwaka 2020 haikuwekewa kivinjari katika menyu yake. Basi mashine mpya ina nguvu kuliko kompyuta nyingi za ofisini, lakini inamruhusu mwenyewe mambo machache kuliko mtangulizi wake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo huitumia, kompyuta zimo katika fungu 8471 na mashine za gemu katika fungu 9504, na kila fungu lina ushuru wake. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya iliiweka PlayStation 2 katika fungu la michezo. Kampuni ya Sony ilishitaki, na mwaka 2003 mahakama ikaitengua kanuni hiyo. Tuseme basi karani wa halmashauri anaandika orodha ya mali ya shule. Akiandika «kompyuta» mahali pa mashine ya gemu, mkaguzi atadhani wanafunzi wana chombo cha kuandikia na kutafutia maarifa, kumbe hawana.

Kutokana na historia hii twaweza kupendekeza yafuatayo. Kompyuta libaki jina la chombo ambacho mwenyewe huchagua kazi yake na programu zake. Tarakilishi, linalotumika zaidi Kenya, lihesabiwe kisawe chake. Mashine ya gemu liwe jina la chombo ambacho mtengenezaji amekifunga katika michezo, hata kama viungo vyake ni vya kompyuta. PlayStation libaki jina la biashara. Kuvinjari na kivinjari yaendelee, kwani kuvinjari tangu zamani ni kuzunguka huku na huko ukichunguza. Kuperuzi liachiwe mazungumzo.

Mashine ikifunguliwa kesho ikafanya kazi zote, jina nalo litafikiriwa upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa kifaru kilichogeuka trekta: aliyekitazama kazini hakuhitaji kuuliza kilizaliwa kifanye nini.