Imani Hujulikana Mlangoni

 

Kila siku kondakta anaita "Port Reitz! Port Reitz!" na sisi tunapanda. Ni wangapi tumewahi kuuliza huyo Reitz alikuwa nani?

John James Reitz alikuwa luteni kijana katika manowari ya Kiingereza iitwayo Leven. Februari 1824, nahodha wake, Owen, alipatana na Wamazrui waliotawala Mombasa. Waingereza wangewalinda, nao wangekubali biashara ya watumwa ikomeshwe. Reitz akaachwa hapa kusimamia mapatano hayo. Mwezi wa Mei mwaka huohuo akafa kwa homa, akiwa katika safari ya mto Pangani. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Jina likabaki kwetu, na watu wakaendelea kuuzwa.

Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini karatasi haimfungulii mtu mlango akibisha usiku.

Sasa twende Rabai. Si mbali: unapita Magongo, Mikindani, Mazeras, umefika. Huko Krapf na Rebmann walifungua misheni mwaka 1846, na huko akahudumu mtu ambaye hakuna kondakta anayeita jina lake: William Jones. Alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akaokolewa na Waingereza, akasomeshwa na wamisheni kule India. Mwaka 1864 aliletwa Rabai pamoja na mwenzake Ishmael Semler, na mwaka 1885 wote wawili wakawekewa mikono kuwa mashemasi.

Wakati huo kumiliki mtumwa bado kulikuwa halali hapa pwani. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa kwetu hadi 1907. Basi watumwa wakawa wanatoroka mashambani na kukimbilia Rabai. Wakubwa wa misheni hawakutaka ugomvi na serikali ya Sultani, wakaagiza watoro wasipokelewe. Na kweli, kumpokea mtoro kulikuwa hatari: mwenye mali angeweza kuja na watu wenye bunduki.

Jones alijua kutekwa ni nini. Watu walizidi kuja, na Rabai ikazidi kuwapokea. Wakajenga, wakalima, wengine wakabatizwa.

Mwaka 1888 mabwana wakaja juu, wakadai watu wao. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kazi hapa pwani aliona vita vinanukia. Watoro wakahesabiwa, wakawa kama 1,400. Mabwana wakalipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale wakapewa hati za uhuru.

Tuseme ukweli: waliolipwa ni mabwana, si waliolimishwa bure. Haki ile haikukamilika. Lakini mpendwa, mlango ulifunguliwa kabla hela hazijapatikana na kabla sheria haijabadilika. Hapo ndipo imani ilipoonekana.

Fungua Kumbukumbu la Torati 23:15-16 usome mwenyewe. Mungu aliwakataza Israeli kumrudisha mtumwa aliyewakimbilia. Akae nao, mahali anapopenda, wala wasimwonee.

Sasa niwaambie jambo ambalo linanichoma. Kuna usiku msichana wa kazi alibisha geti letu, karibu saa nne. Alikuwa hajalipwa miezi mitano, na tajiri wake alikuwa amemzuilia kitambulisho. Nilisimama naye pale getini, nikamwombea kwa nguvu zote, nikamwambia aje ofisini Jumapili tuzungumze. Nikafunga.

Niliporudi ndani, mama mchungaji akaniuliza, "Baba, umemwombea alale wapi?"

Nilitoka mbio hadi barabarani. Hayupo. Jumapili niliangalia kila kiti. Hakuja, na mpaka leo sijamwona.

Nimehubiri Yakobo 2:15-16 mara nyingi, kuhusu yule anayemwambia mwenye njaa aende zake kwa amani akashibe, asimpe kitu. Usiku ule mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo wiki hii nina maneno mawili. La kwanza: kama una dada wa kazi, mlipe kabla ya kutoa sadaka, na kitambulisho chake kikae mkononi mwake. Huwezi kunena kwa lugha sebuleni na jikoni kuna mtu analia. La pili: mtu akikimbilia kwako, mpe maji, chakula na mahali pa kulala. Asubuhi mwende pamoja kwa chifu au kituo cha polisi. Usimrudishe peke yake alikotoka. Ukiona ni mzigo mkubwa, nipigie simu hata saa nane za usiku. Nitaamka.

Tuombe: Bwana, utusamehe milango tuliyoifunga kwa maombi mazuri. Na yule binti, popote alipo leo, umfikishie mtu mwenye imani kuliko mimi. Katika jina la Yesu, amina.

Muwe na siku yenye baraka.