Maneno ya asubuhi, kutoka Nancy mpaka Kwa Mrombo

Mitihani imekwisha, bumu nalo limekwisha (kama kawaida yake), kwa hiyo leo nina muda wa kuandika kitu kirefu kidogo. Wale wa kusoma nusu na kukimbia, ruksa.

Muhula huu nimepanga chumba huku Kwa Mrombo na mshikaji wangu wa darasani. Juu ya kitanda chake kabandika karatasi imeandikwa kwa maka pen nyekundu: Mimi ni mshindi. Mimi napendeka. Leo ni siku yangu. Anazisoma kwa sauti kila alfajiri, mimi hata jicho sijafungua. Matokeo yalipotoka akakuta sapu tatu. Aliendelea kuzisoma, ila sauti ikawa inashuka kila siku, mpaka asubuhi moja nikamsikia anaiuliza karatasi, "Sasa huyu mshindi ni nani?" Nilitaka kucheka nikashindwa. Kwenye kozi yetu mtu mwenye sapu tatu anaanza kuota disko, na wengine wameshafungasha mabegi kimya kimya kurudi kwao.

Basi mimi mtu wa historia, nikaanza kuchimba. Haya mambo ya kuamka na kujiambia maneno mazuri yalianzia wapi?

Jina linalokuja mbele ni la Mfaransa mmoja, Émile Coué, aliyezaliwa mwaka 1857. Alikuwa mwuza dawa mjini Troyes. Akagundua kwamba akimpa mgonjwa dawa huku akiisifia, mgonjwa anapata nafuu kuliko akimpa kimya kimya. Akajifunza pia kwa daktari Liébeault wa mji wa Nancy, aliyekuwa akitibu watu kwa kuwalaza usingizi wa maneno. Baadaye Coué akahamia Nancy, akafungua kliniki ya bure, na dawa yake ikawa sentensi moja tu: kila siku, kwa kila hali, naendelea kuwa bora. Useme mara ishirini asubuhi kabla hujatoka kitandani na mara ishirini usiku. Ili usipoteze hesabu unashika kamba yenye mafundo ishirini. Wenye rozari na wenye tasbihi wataona kwamba huyu bwana hakubuni kila kitu peke yake! Mwaka 1923 alikwenda Marekani akapokewa kama nyota. Akafariki mwaka 1926.

Kitu ambacho wengi wanaomfuata leo bila kumjua wamekisahau ni hiki. Coué alisema usitumie nguvu. Usikunje uso ukajilazimisha kuamini. Kwake yeye, utashi ukigombana na picha iliyo kichwani, picha ndiyo inashinda. Ndiyo maana sentensi yake inasema naendelea, haisemi nimeshafika. Sasa linganisha na "Mimi ni mshindi" mbele ya mtu mwenye sapu tatu. Kichwa kinajibu palepale: muongo wewe.

Na hilo limepimwa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu walirudia kauli ya kujiambia kwamba wanapendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Wale wanaojiona si kitu wakajisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakurudia chochote. Yaani dawa inamdhuru yule yule mgonjwa iliyeletewa.

Kuna mwanamama mwingine, Kristin Neff wa Marekani, ambaye mwaka 2003 alianza kuandika kuhusu kujihurumia. Hapa Kiswahili kinatuletea shida kidogo. Ukimwambia mtu wa hapa Arusha "jihurumie", anaweza kuelewa umemwambia ajionee huruma, akae alie. Neff hakuwa na maana hiyo. Yeye anataka vitu vitatu: ujisemeshe kwa upole kama unavyomsemesha rafiki aliyeanguka, ukumbuke kwamba kuanguka ni kwa binadamu wote na si kwako peke yako, na uyaone maumivu yako yalivyo bila kuyaongeza chumvi wala kuyafukia. Mimi hilo la pili ndilo lililonikamata, kwa sababu nilishalisikia zamani mahali pengine kabisa.

Kabla sijafika huko, tupite kwenye hizi kona za Mlima Meru. Waarusha, ambao wanazungumza Kimaa, wana baraka zao. Mzee anasimama, anatamka neno moja moja, watoto wawe wengi, mifugo iwepo, mvua inyeshe, na kila neno waliokaa wanaitikia, "Naai!" Na mate ya mzee ni baraka, usije ukajifuta kwa haraka ukaonekana huna adabu. Ukiangalia vizuri, hakuna anayejibariki mwenyewe pale. Neno jema unalipokea kutoka kwa mtu mwingine, mbele ya watu, tena mtu anayekujua na madhambi yako yote. Na shikamoo yetu ya asubuhi iko karibu na hapo. Unatoa heshima, unarudishiwa marahaba, siku inaanza umeshahesabiwa kuwa mtu.

Sasa nirudi kule nilikokuwa nakwenda. Mzee mwenye nyumba yetu alisoma shule ya msingi miaka ya sabini. Jioni moja nikamkuta barazani, nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, nyie asubuhi shuleni mlikuwa mnasema nini?" Akanyooka kwenye kiti kama yuko paredi, akamwaga ahadi za mwanachama wa TANU kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho bila kukwama. Halafu akaniangalia, "Wewe mjukuu wangu unazijua?" Nikasema mbili tatu. Akasikitika.

Zile ahadi nimezisoma upya baada ya hapo. Ya kwanza inasema binadamu ni ndugu, na Afrika ni moja. Hiyo si ndiyo ya Neff namba mbili? Imeandikwa na chama cha siasa huku kwetu miaka mingi kabla ya yule mama. Halafu Imani ya TANU, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza ya Azimio la Arusha, inasema watu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Azimio lilipitishwa hapa hapa mjini, Kaloleni, Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Jengo lenyewe likaja kuwa makumbusho.

Na maneno hayo hayakutoka hewani. Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini habari ile ilizunguka Tanganyika nzima, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Kwa mtu aliyechomewa nyumba, kuambiwa "unastahili heshima" si mapambo ya ukutani.

Kitu kingine ninachokipenda ni wale maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Waliitwa maadui. Maskini mwenyewe hakuitwa adui, wala hakuambiwa umaskini wake ni akili yake. Siku hizi ukifungua simu asubuhi unakutana na mtu kavaa suti anakwambia ukiwa maskini umeamua. Mimi naona hapo tumerudi nyuma hatua kubwa. Mtoto wa mkulima mwaka 1970 aliambiwa una adui na tuko wengi tunaopigana naye. Mwenzangu wa chumbani anajiambia mimi ni mshindi, na akishindwa hana wa kumlaumu zaidi ya mimi huyo huyo.

Tena ahadi ni ahadi. Nitajitolea, nitajielimisha, rushwa sitapokea wala kutoa, nitasema kweli. Mwanasaikolojia Claude Steele wa Marekani mwaka 1988 alieleza kwamba mtu aliyetikiswa anatulia akikumbushwa yale anayoyathamini, hata kama hayahusiani na jambo lililomtikisa. Kujisifu si lazima. "Nitasema kweli" unaweza kuisema hata ukiwa na sapu kumi, na ikawa kweli siku hiyo hiyo.

Ila msinielewe vibaya, sisemi turudi paredi. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa na nyimbo nzuri, lakini mchelewaji alikula fimbo, na mtoto mwenye njaa alikimbia na njaa yake. Wakati wa vita ya Kagera, 1978 na 1979, nyimbo zenyewe zilikuwa za kumzomea Iddi Amin, watoto wa miaka nane wanaimba kifo cha mtu kabla ya uji. Na chama hicho hicho kilichoahidi heshima ya kila mtu ndicho kilichohamisha watu kwa nguvu kwenda vijijini kati ya 1973 na 1976, wengine wakiacha mashamba yameiva. Upole hapo ulikuwa wapi? Mzee wangu nilimuuliza hilo pia. Akakaa kimya, akasema, "Maneno yalikuwa mazuri, mjukuu. Waliokuwa wanayasimamia ndio walichoka."

Haya, kazi kwenu. Mliosoma enzi za mchakamchaka, hasa shule za Arusha mjini na za Umeruni, niambieni: ahadi mlizisema kila siku au siku maalumu tu? Na kuna aliyewahi kukaa chini mwalimu akamweleza maana yake, au ilikuwa ni kukariri na kukimbia? Majibu ntayakusanya, maana kuna wazee wengine wawili mtaa wa pili nataka nikawaulize kabla chuo hakijafunguliwa.