JIOGRAFIA NI SANAA AU SAYANSI?
Historia fupi ya shahada za jiografia na jiolojia, kwa vijana wa shule yetu



Katika mkutano wetu uliopita, wakati sahani za pilau zinapitishwa, kijana mmoja wa Kidato cha Sita alinijia, akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, jiografia ni somo la sanaa au la sayansi? Maana nikijaza fomu ya chuo kikuu sijui niingilie mlango upi." Nilimjibu upesi kwamba ni yote mawili, nikaendelea kula. Baadaye nafsi ilinisuta. Swali lile lilistahili jibu la mtu aliyekaa akafikiri, kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe nikiwa na umri wake, sikumpata wa kunijibu, na hasara iliyotokana na hapo nitaieleza mbele. Makala haya ni jibu langu kwake. Kwa kuwa kila mlango una aliyeujenga, nitaanza na historia.

Mtu aliyepanda Mlima Kenya

Mwaka 1899 Mwingereza mmoja, Halford Mackinder, alifika kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya bahari. Wengi humkumbuka kwa safari hiyo tu. Lakini mtu huyu alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka huohuo wa 1899 ndipo Skuli ya Jiografia ilipoanzishwa chuoni hapo, naye akiwa kiongozi wake. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada ya jiografia, kwani haikuwako. Alisoma kwanza elimu ya viumbe, halafu historia. Mwaka 1887 alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London akatetea wazo moja: kwamba pana shimo kati ya elimu ya maumbile na elimu ya wanadamu, na kwamba jiografia ndiyo daraja.

Hapo pana nusu ya jibu. Somo hili lilizaliwa likiwa na miguu miwili. Ndiyo maana vyuo vingine huliweka katika kitivo cha sanaa, vingine katika sayansi, na vingine hutoa shahada za aina zote mbili. Mwanafunzi asidhani kwamba wakuu wa vyuo wamechanganyikiwa. Kila chuo kimechagua mguu wa kutangulia.

Wawili waliobadili njia

Jiolojia, elimu ya miamba na umri wa dunia, ina historia nyingine, na napenda kuieleza kwa njia ya vijana wawili.

Wa kwanza ni Arthur Holmes. Alikwenda London kusoma fizikia. Katika mwaka wa pili alihudhuria masomo ya jiolojia, yakamteka, akahamia huko kinyume cha ushauri wa walimu wake. Mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini hakuyapata, malaria aliipata. Lakini ile fizikia hakuitupa. Aliitumia kupima umri wa mawe kwa kuchunguza jinsi madini ya urani yanavyogeuka kuwa risasi kadiri miaka inavyopita, na mwaka 1913 akatoa kitabu juu ya umri wa dunia. Leo tunasema bila wasiwasi kwamba dunia ina miaka kama bilioni 4.5, na msingi wa hesabu hiyo aliuweka yeye pamoja na wenzake wachache. Baadaye alikuwa profesa wa Edinburgh, na alikuwa bado anafundisha huko Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, kati ya mwaka 1949 na 1952.

Wa pili ni John Williamson, Mkanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akikusudia kuwa mwanasheria. Likizo moja akafuatana na wanajiolojia kwenda Labrador, na aliporudi akaiacha sheria. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1933. Mwaka 1940 aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, mmoja wa mikubwa kabisa duniani, baada ya kuhangaika porini kwa miaka.

Sisemi kwamba kila mwenye kubadili masomo atapata almasi. Nasema kwamba wote wawili walibadili mapema, na walikuwa na msingi uliowaruhusu kubadili. Asiye na msingi hubaki kutazama mlango.

Milango ilivyofunguliwa kwetu

Zamani za ukoloni kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alielekea Makerere, Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na ilipofika mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Huku kwetu palikuwa na Idara ya Jiolojia ya Serikali tangu miaka ya 1920, yenye makao Dodoma, nayo ilichora ramani za miamba ya nchi hii. Wataalamu wake walikuwa wageni. Mwafrika alibeba nyundo na sampuli. Aliyeandika jina la jiwe alikuwa mwingine.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kikaanza, jiografia ikiwamo. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jiolojia ilipata idara yake hapo katikati ya miaka ya 1970, kipindi kilekile ambacho gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, mwaka 1974.

Tazameni utaratibu huo. Jiografia ilitangulia jiolojia kwa takriban miaka kumi. Nchi changa ilihitaji walimu wa sekondari na watu wa mipango, na mwanajiografia alitengenezwa kwa bei nafuu kuliko mwanajiolojia, ambaye anataka maabara, magari na safari za porini.

Jiografia haikukaa darasani. Mwaka 1967 ilianzishwa Mlimani ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa jina la BRALUP, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, katika milima ya Uluguru, na ardhi ikaporomoka mahali mamia kwa mamia. Wanajiografia wa Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Uswidi, walipanda milimani wakayahesabu maporomoko na kuyachora katika ramani. Wakakuta kwamba karibu yote yalitokea mashambani na kwenye majani, na machache sana penye msitu. Waliyoyaona waliyatangaza mwaka 1972.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Amri ile iliwauma wafugaji, na wako wanaoikumbuka kwa uchungu mpaka leo. Lakini majani na miti vilirudi kwenye makorongo. Hapo mnaona miguu yote miwili ya Mackinder: udongo upande mmoja, na upande wa pili mtu mwenye ng'ombe zake.

Tawi la tatu lilikua pembeni. Mwaka 1956 kilianzishwa Dar es Salaam kituo cha kufundisha wapima ardhi. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Mlimani, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka huohuo wa 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza, nacho kinafundisha jiografia na jiolojia pia. Kwa hiyo milango iliyokuwa miwili katika ujana wa baba zetu leo ni mingi.

Kisima kikavu

Sasa nieleze ya kwangu. Nilipomaliza Kidato cha Nne hapa shuleni nilifaulu hesabu na kemia vizuri. Niliyapenda mawe tangu utoto. Lakini nilichagua mchepuo wa HGE kwa sababu rafiki zangu wawili waliuchagua. Nilipofika Mlimani mwaka 2001 nilikwenda kuuliza habari za jiolojia, nikaulizwa alama zangu za fizikia na kemia za Kidato cha Sita. Sikuwa nazo. Nikasoma jiografia, nikaipenda, na haijaninyima mkate. Serikali iliniajiri katika mambo ya mipango.

Katika miaka yangu ya mwanzo kazini tulipanga kuchimba kisima kirefu katika kijiji kimoja cha kanda ya kati. Nilikuwa na ramani nzuri: shule, zahanati, idadi ya kaya, umbali wanaotembea kina mama. Nikaweka alama pale palipokuwa karibu na watu wote. Wananchi walikuwa wamechanga fedha zao, wengine kwa kuuza mbuzi. Tulikuwa na haraka, tukachimba bila upimaji wa miamba. Mashine ikashuka siku nzima katika mawe magumu, ikapandisha vumbi. Kesho yake ikapandisha vumbi vilevile.

Mzee mmoja wa kijiji hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, ramani yako inawajua watu, haiyajui mawe."

Baadaye alikuja mwanajiolojia wa maji, kijana kuliko mimi. Alinieleza kwamba katika nchi ile ya graniti maji hayakai popote. Hukaa katika nyufa za mwamba na katika tabaka lililooza juu yake, na nyufa hizo hutafutwa kwa vipimo. Alipima siku mbili, akaonyesha mahali pengine, maji yakatoka. Lakini na yeye aliniuliza swali ambalo shahada yake haikumfundisha: nani ateke kwanza, nani alinde, na fedha za dizeli zikae kwa nani? Hilo nililijua mimi. Tangu siku ile sijabishana na mtu juu ya shahada ipi ni bora. Ila zile fedha za mbuzi sijazisahau.

Kwa nini jambo hili si la mtu mmoja

Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro wako watu ambao meno yao ni ya kahawia tangu utoto. Sababu yake ni madini ya floridi, ambayo maji huyachukua katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Jiolojia hueleza yanakotoka, kemia huyapima, jiografia huonyesha ni nani wanaoyanywa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifikia Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ilielezwa kwamba sehemu dhaifu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Milima ya namna hiyo iko mingi nchini, na chini yake wanaishi watu. Wa kuisoma mapema ni ninyi.

Ushauri wangu kwa vijana

Kwanza, anayependa watu, makazi na mazingira asome jiografia. Mchepuo wa HGL, HGK, HGE au EGM utamfikisha. Anayependa miamba, madini na maji ya chini asiiache fizikia, kemia na hesabu. Anayependa vipimo na ramani za kompyuta atazame Chuo Kikuu Ardhi. Na mwenye PGM au CBG ajue kwamba amesimama katikati, ana milango pande zote mbili.

Pili, someni kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu wenyewe, kila mwaka, kwa maana masharti hubadilika. Mwaka 2024 hata michepuo, au tahasusi kama inavyoitwa sasa, iliongezwa. Msitegemee habari za bwenini, kama mimi.

Tatu, msifuate upepo. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipofunguliwa mwaka 2000 na 2001, kila mtu alitaka dhahabu. Gesi ya baharini ilipogunduliwa kuanzia mwaka 2010, kila mtu alitaka petroli, na wako waliohitimu wakasubiri ajira muda mrefu. Bei ya madini hupanda na kushuka. Elimu ya msingi iliyo imara humwezesha mtu kuhama.

Kwenu wenzangu wa zamani nina ombi moja. Miongoni mwetu wamo wapima ardhi, wanajiolojia, walimu na watu wa hali ya hewa. Kabla vijana wa Kidato cha Nne hawajajaza fomu zao za uchaguzi, tuje siku moja kwa mwaka, tukae nao darasani, tuwaambie ukweli wa kazi zetu. Nauli yetu haizidi gharama ya kisima kikavu.

Na wewe kijana uliyeniuliza wakati wa pilau, kama makala haya yamekufikia, nisamehe kwa lile jibu la haraka. Niandikie kupitia kwa Mwalimu Mkuu, uniambie umechagua mlango upi.