Ndege Iliyoishia Tabora

Kila inapotajwa hatari ya ndege katika Kanda yetu ya Ziwa, watu huikumbuka Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani ikitaka kutua na watu 19 wakapoteza maisha. Ni haki kuikumbuka. Lakini kwa rubani wa kindege chenye injini moja, dakika ya kuogopwa ni ile ya kuruka, na kisa chake nchini mwetu ni cha zamani kuliko wengi tunavyodhani.

Mwaka 1920 Waingereza walikuwa na shauku ya kuruka kutoka Cairo hadi Cape. Viwanja vilikwisha kufyekwa porini. Gazeti la The Times la London likaingia katika safari hiyo na ndege aina ya Vickers Vimy, yenye injini mbili za Rolls-Royce, kila moja nguvu za farasi 360. Ni ukoo uleule wa ndege uliovuka Atlantiki bila kutua mwezi Juni 1919. Marubani walikuwa Cockerell na Broome. Aliyewaandikia habari wasomaji wa gazeti ni Dakta Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Waliondoka Uingereza Januari 24, wakahangaika na injini njiani, hata wakafika Tabora. Februari 27, wakiwa wanaruka, injini ikawaangusha. Ndege ikavunjika vibaya. Safari ikaishia hapo, katika mji ambao garimoshi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa likifika tangu 1912!

Siku nane baadaye Vimy nyingine, Silver Queen II ya van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, ilishindwa kupanda ilipokuwa ikiruka Bulawayo, nayo ikavunjika. Mabwana hao walifika Cape Town Machi 20 kwa ndege ya kuazima.

Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, na Bulawayo imeizidi. Mwanza yetu nasi huiona iko chini kwa sababu ipo ufukweni, kumbe ziwa lenyewe liko mita 1,134. Injini ya pistoni huvuta hewa kama sisi, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza hapa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kabla haijaharibika kitu. Jua la saa nane likifika nyuzi 30, ndege huona kama iko karibu mita 2,000. Hitilafu ndogo ambayo pwani ingevumilika, huku hukuta akiba imekwisha kuliwa na mwinuko. Ndiyo maana rubani mwenye busara hupenda kuruka asubuhi.

Na ziwa lina fitina zake. Tangi likilala nusu, unyevu hugeuka maji ndani yake, na maji huzama chini ya petroli, kulekule injini inakonyonya. Kwa hiyo kabla ya kuruka rubani hukinga petroli kidogo katika chupa na kuitazama. Zaidi ya hayo, hewa yenye unyevu huweza kugandisha barafu ndani ya kabureta hata kukiwa na joto la nyuzi 20 na zaidi.

Injini ikizimika mita 100 tu juu ya ardhi, moyo humwambia rubani ageuke arudi uwanjani. Wengi wamekufa kwa kuusikiliza. Kona hula kimo, na mwendo ukipungua mno bawa huacha kubeba. Hufundishwa kushusha pua na kwenda mbele, akikwepa kidogo tu kushoto au kulia, atue popote palipo wazi.

Hapo suala linatugusa hata sisi tusiopanda ndege. Mimi naishi Buzuruga, na kati ya stendi, maduka na nyumba hizi sioni pa kutua hata tiara ya mtoto. Afadhali hatuko mbele ya njia ya kurukia. Nawasikia watu wakiutamani uwazi wa miisho ya kiwanja cha ndege, eti ardhi imelala bure, igawanywe. Najua viwanja vimekuwa ghali. Lakini Cockerell na wenzake walikuwa na pori la Tabora mbele yao, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa.