Zulia la Ardabil

Mwaka 946 wa Hijria, sawa na 1539–40, mafundi wa Uajemi walimaliza kufuma zulia lenye urefu wa zaidi ya mita 10, lenye nyuzi za msingi za hariri na uso wa sufu. Upande mmoja waliandika kwamba ni kazi ya Maqsud wa Kashan, na mwaka huo. Lilitandikwa Ardabil, penye kaburi la Sheikh Safi al-Din, mhenga wa wafalme wa Safawi, ambako waumini walikwenda kuzuru. Lilikuwa na pacha.

Mwishoni mwa karne ya 19 mazulia yote mawili yaliuzwa, yakiwa yamechakaa, yakafika mikononi mwa kampuni ya Ziegler ya Manchester. Moja likakatwa ili kutia viraka jingine. Mwaka 1892, muuzaji Vincent Robinson alipolionyesha London, watu waliona zulia moja zima; la pili halikutajwa.

Makumbusho ya South Kensington, leo Victoria and Albert, yalikuwa yameanzishwa ili wabunifu na wenye viwanda wa Uingereza wajifunze kwa vielelezo bora. Mshauri wao William Morris, mbunifu wa vitambaa na mazulia, alihimiza linunuliwe. Kwa jicho la namna hiyo, nakshi iliyotimia ilikuwa na thamani kuliko historia ya viraka. Mwaka 1893 likanunuliwa kwa pauni 2,000.

Kwa miaka mingi lilitundikwa ukutani, na wageni wakazoea kulitazama wima kama picha. Katikati yake kuna kandili mbili, kubwa na ndogo. Ukutani tofauti hiyo ni kama kosa la fundi. Wapo waliopendekeza kwamba aliyeketi karibu na ile ndogo angeziona sawa. Hoja hiyo haina maana mpaka zulia lirudi sakafuni.

Lilirudi mwaka 2006, likalazwa ndani ya sanduku la kioo katika Ukumbi wa Jameel wa makumbusho hayo. Taa huwashwa dakika 10 tu kila nusu saa, rangi zisififie. Pacha lake, lile lililokatwa, liko katika makumbusho ya Los Angeles, zawadi ya tajiri J. Paul Getty ya mwaka 1953, na halina pindo. Kwa hiyo uzima unaosifiwa London si wa Maqsud peke yake: sehemu yake ilishonwa baada ya miaka 300 na zaidi, kwa ajili ya mnunuzi.