Uvimbe wa Taya: Je, Ni Ugonjwa wa Ukoo?

Leo tunajibu swali ambalo hapa Sigalame huulizwa kwa sauti ya chini. Mtoto akivimba taya, je, ni ugonjwa wa ukoo? Mara nyingi mama aliyeolewa ndiye hunyoshewa kidole, eti ameuleta kutoka kwao. Jibu lilianza kupatikana kwa jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amwangalie mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akamwona msichana mwenye uvimbe ule ule. Daktari huyu alikuwa na jicho moja tu, la pili alilipoteza utotoni. Hata hivyo aliona yaliyowapita wengi.

Aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1958. Kisha Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi, karibu kilomita 16,000, kuelekea kusini mwa Afrika. Kila hospitali waliuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu pichani?

Majibu yalionyesha kwamba ugonjwa haukufuata damu ya ukoo. Ulifuata mahali. Palipo na joto na mvua nyingi ulikuwepo, penye milima na baridi ulikuwa haba. Hata watu waliohama kutoka milima ya Rwanda na Burundi wakaja kuishi Uganda waliupata, tena wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Kama ungekuwa wa kurithi, kuhama kungebadilisha nini?

Ramani yake ilikaribia kulingana na ramani ya malaria. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua kirusi ndani ya uvimbe uliotumwa kutoka Kampala. Kirusi hicho huenea kwa mate, na karibu sisi sote tunacho bila kuugua. Lakini mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara, kinga yake hulemewa, na saratani hii huweza kuanza. Hitilafu hutokea katika chembe za mwili wake mwenyewe baada ya kuzaliwa. Hakuipata kwa mama wala kwa baba. Sisi tulio karibu na ziwa, wenye mbu wa kutosha, hatuna haja ya kumtafuta mchawi.

Habari njema ni kwamba dawa zake zipo. Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wakipona, wengine baada ya dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kuwatibu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa taasisi ya saratani ya Uganda. Kwetu Kenya, watoto hutibiwa katika hospitali kama ya rufaa ya Moi, Eldoret.

Shida ni kuchelewa. Uvimbe huu huongezeka kwa siku, si kwa miezi. Meno yakilegea bila kuoza, taya ikivimba, jicho likitokeza nje au tumbo likijaa, nenda hospitalini juma hilo hilo. Jino likishang'olewa na uvimbe ukabaki, usirudi nyumbani kungoja.

Sasa, ipo saratani ya watoto ambayo kweli huweza kurithiwa, nayo ni ya jicho. Mboni hung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, hasa ukimpiga picha, au jicho huanza kwenda upande. Kati ya watoto kumi wenye ugonjwa huu, yapata wanne wana aina ya kurithi. Ikiwa macho yote mawili yameugua, karibu kila mara ni ya kurithi. Kwa hiyo ndugu zake wote wapimwe, hata mchanga aliyezaliwa jana. Baba au mama aliyewahi kutolewa jicho utotoni amwambie daktari mapema, kabla mtoto hajaonyesha dalili yoyote.