TV ya chogo

Ukiingia kwenye kibanda cha gemu Tarime mjini, Sirari au Mugumu na kuulizia "neli ya miale ya kathodi", utaangaliwa tu. Ulizia TV ya chogo, na hata mtoto atakuonyesha: ile nzito, iliyochomoza nyuma kama kichwa chenye chogo. Jina hilo halikupitishwa na kamati yoyote. Lilihitajika pale TV za flati zilipoingia sokoni. Kabla ya hapo TV ilikuwa TV, basi.

Ni istilahi inayostahili kuingia kwenye vitabu vya ufundi, maana shughuli yote iko chogoni. Shingoni mwa neli isiyo na hewa kuna bunduki inayorusha elektroni. Koili za sumaku huzipinda, zikachora picha mstari kwa mstari kwenye unga unaong'aa uliopakwa upande wa ndani wa kioo. Mjerumani Ferdinand Braun alitengeneza neli ya aina hii mwaka 1897.

Unga huo huchoka. Makabati ya Pac-Man, gemu iliyotoka mwaka 1980, yalionyesha vichochoro vilevile kutwa kucha, na baadhi ya vioo vyake vimebaki na kivuli cha vichochoro hivyo hata umeme ukizimwa. Hapo ndipo mwenye mashine hufikiria flati.

Flati inawaka, lakini gemu si ileile. PlayStation 2 hutoa picha kwa waya wa njano, na sauti kwa mwekundu na mweupe, moja kwa moja hadi kwenye chogo. Flati nyingi mpya hazina tundu la njano, hivyo hununuliwa kibadilishi. Kisha TV yenyewe hupoteza muda ikiikuza picha ilingane na kioo chake. Ni sehemu ndogo ya sekunde, ila mchezaji aliyebonyeza shuti anaiona.

Bunduki ya gemu ya kulenga bata ndiyo inayokwama kabisa. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi mara moja, kisha bata huchorwa kama kisanduku cheupe, na jicho lililo mdomoni mwa bunduki hutazama kama mwanga umeonekana papo hapo. Flati huchelewa, kwa hiyo kila risasi inakosa.

Anayefungua chogo lazima aheshimu flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa. Kwa TV ya rangi, hupeleka kwenye neli volti zaidi ya 20,000, na chaji hubaki humo hata plagi ikishachomolewa. Fundi mzoefu huiondoa kwanza kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ethi, akiingiza ncha chini ya kifuniko cha mpira kilicho kwenye neli.

Kioo chenyewe kina madini ya risasi, yaliyochanganywa kuzuia eksirei zisimfikie mtazamaji. Kukivunja ili kupata shaba ya koili, kisha kuacha vipande uani watoto wanapochezea, ni hatari isiyolingana na bei ya shaba hiyo.